Haro ya mtumba: Faida iko kwenye shafti, si kwenye rangi

KILA msimu wa kilimo unapokaribia, biashara ya zana za mtumba huchangamka. Nyuma ya gereji za Kibaigwa, Babati, Makambako na miji mingine inayohudumia wakulima, haro za trekta zilizolala kwenye majani kwa miaka mingi huvutwa nje, hupigwa rangi na kupangiwa bei.

Kwa mkulima mwenye trekta na jembe lakini hana haro, hiyo ni nafasi ya kuvutia. Shamba lililolimwa bila kupigwa haro hubaki na mabonge, mbegu huota kwa mapengo na palizi huwa ngumu. Kwa mwenye trekta anayelimia wenzake kwa malipo, haro ni chanzo cha pili cha mapato katika shamba lile lile alilokwisha kulima.

Tatizo huanza baada ya fedha kutoka mkononi. Mkulima hufika dukani kutafuta diski, muuzaji humuuliza zina tundu la ukubwa gani, naye hajui. Hurudi nyumbani na diski "zinazokaribiana", huzifunga, na baada ya siku chache shambani safu nzima hulegea, shafti hukatika na trekta husimama wakati mvua zimeshaanza na wateja wamepanga foleni.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mnunuzi wa haro chakavu si kama rangi inang'aa. Swali ni kama haro hiyo inaweza kutambuliwa na kama vipuri vyake vinapatikana. Haro isiyojulikana vipimo vyake ni chuma chakavu, hata kama inauzwa kwa bei ya haro.

Zilitoka nchi nyingi

Ugumu wa kuzitambua haro hizi una historia yake. Tanzania haijawahi kuwa na aina moja ya zana za matrekta. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kuenea hadi Urambo na Nachingwea, ulileta mitambo ya kila namna, ikiwamo iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1951, na miongoni mwa mambo yaliyoushinda ni udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu mno na hula vyuma vya kulimia haraka.

Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya NAFCO yalileta zana nyingine. Mashamba ya ngano ya Basotu wilayani Hanang yaliendeshwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, na shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China. Vyama vya ushirika, misheni na wakulima binafsi nao waliagiza zao kutoka Uingereza, Italia, Brazili na kwingineko. Kisha, baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, SUMA JKT iliuza matrekta ya Farmtrac na New Holland yaliyotokana na mkopo kutoka India, na zana za India zikaongezeka mashambani.

Matokeo yake ni kwamba katika uwanja mmoja wa gereji unaweza kukuta haro iliyotengenezwa kwa vipimo vya inchi ikiwa pembeni ya nyingine iliyotengenezwa kwa milimita. Mara nyingine mchanganyiko huo umo ndani ya haro moja. Kila mmiliki aliyepita alibadilisha alichoweza kupata, na nati ya nchi moja ikalazimishwa kwenye shafti ya nchi nyingine.

Haro ya aina gani?

Hatua ya kwanza ni kutazama safu za diski zimepangwaje. Haro yenye safu mbili, moja mbele na moja nyuma, zilizokaa kama herufi V iliyolazwa ubavu, ndiyo iliyoenea zaidi. Safu ya mbele hutupa udongo upande wa kulia na ya nyuma huurudisha kushoto. Haro yenye safu nne zilizokaa kama herufi X ni aina nyingine. Mbili za mbele hutupa udongo nje na mbili za nyuma huurudisha ndani.

Hatua ya pili ni kuangalia inavyofungwa kwenye trekta. Kuna haro zinazonyanyuliwa na mikono mitatu ya haidroliki, na kuna zinazovutwa kwa mkono mmoja mrefu. Za kunyanyuliwa ni rahisi kusafirisha na kugeuza kwenye mashamba madogo. Za kuvutwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na zile zisizo na magurudumu ni tabu kuzihamisha kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Hatua ya tatu ni uzito, kwa sababu haro huingia ardhini kwa uzito wake. Uzito wote ukigawanywa kwa idadi ya diski hutoa picha nzuri ya kazi inayoweza kufanya. Haro yenye chini ya kilo 50 kwa kila diski ni nyepesi na inafaa kulainisha shamba ambalo tayari limelimwa. Ile inayozidi kilo 100 kwa diski ni nzito na inaweza kukata visiki vidogo na majani mengi, lakini inahitaji trekta kubwa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Haro kubwa kwa bei ndogo huvutia, lakini trekta ndogo haliwezi kuivuta kwa mwendo unaofaa. Kwa haro za kunyanyuliwa zenye diski za inchi 22 hivi, trekta la nguvu za farasi 45 huendana na diski 14, la nguvu 50 hadi 55 huendana na diski 16, na la nguvu 75 huendana na diski 20. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, au kwa haro nzito ya kuvutwa, idadi hiyo hupungua.

Bamba, rangi na namba

Watengenezaji wengi huweka bamba dogo la chuma lenye jina, modeli na namba ya haro, aghalabu kwenye fremu karibu na sehemu ya kufungia trekta. Bamba likiwepo, kazi imekuwa nyepesi. Likiwa limefunikwa na rangi, linasafishwa taratibu kwa kitambaa chenye petroli, si kwa msasa au grenda, kwani maandishi yake si ya kina na hufutika haraka.

Bamba lisipokuwepo, mnunuzi atafute namba zilizoinuka kwenye vipande vya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Vipande hivyo ni nyumba za beringi na zile spesa zinazotenganisha diski. Namba hizo zina manufaa kwa muuzaji wa vipuri, ila ni lazima ikumbukwe kwamba ni namba za kipande, si za modeli ya haro. Mtengenezaji mmoja aliweza kutumia nyumba ile ile ya beringi kwenye modeli nyingi.

Rangi ni shahidi dhaifu. Rangi ya zamani ikikwanguliwa mahali pasipofikiwa na jua, kama chini ya nyumba ya beringi, inaweza kuonyesha rangi ya kiwandani. Hata hivyo kampuni nyingi zilitumia rangi nyekundu, nyingi zilitumia buluu, na fundi wa mtaani hupaka rangi aliyonayo.

Habari njema ni kwamba mkulima anaweza kuifufua haro bila kujua jina la aliyeitengeneza, mradi ajue vipimo vyake. Duka la vipuri haliuzi jina, linauza vipimo.

Vipimo sita vya kuandika

Mnunuzi aende na tepu ya kupimia, daftari, na ikiwezekana fundi wa kukereza vyuma mwenye vernia kalipa. Vipimo vinavyohitajika ni sita.

Cha kwanza ni unene wa shafti. Haro nyingi zina shafti ya mraba, na hupimwa kutoka ubavu hadi ubavu, si kutoka pembe hadi pembe. Ipimwe mahali ambapo haijalika. Vipimo vya inchi vinavyopatikana sana ni inchi moja na moja ya nane, ambayo ni milimita 28.6, inchi moja na robo, ambayo ni milimita 31.75, na inchi moja na nusu, ambayo ni milimita 38.1.

Tofauti hizo ndogo ndizo zinazovunja haro. Diski yenye tundu la milimita 30 itaingia vizuri kwenye shafti ya milimita 28.6, na dukani itaonekana imekaa. Lakini imebaki na nafasi ya milimita 1.4. Shambani diski hiyo itacheza, pembe za shafti zitalika hadi kuwa mviringo, na mwisho shafti haitashika diski yoyote. Kwa upande mwingine, tofauti ya robo milimita, kama diski ya tundu la milimita 32 kwenye shafti ya milimita 31.75, haina madhara.

Cha pili ni kipenyo cha diski. Diski iliyochakaa haionyeshi kipenyo chake cha asili, hivyo itafutwe ile ambayo haijalika sana. Haro iliyotoka kiwandani na diski za inchi 24, sasa zimebaki inchi 20, imepoteza kina cha kazi na uwezo wa kukata majani. Hizo ni diski za kubadilisha, hata kama muuzaji anasema "bado zina maisha".

Cha tatu ni unene wa diski, na cha nne ni kina cha bakuli lake. Kina hupimwa kwa kulaza kijiti kilichonyooka juu ya mdomo wa diski, kisha kupima kutoka kwenye kijiti hadi katikati ya diski. Kipimo hiki husahauliwa sana, nacho kina umuhimu wake. Nyuso za spesa zimechongwa kufuata mviringo wa diski ya asili. Diski yenye kina tofauti hugusana na spesa pembeni tu, ikikazwa hupasuka au hulegea.

Cha tano ni nafasi kati ya diski na diski, ambayo kwa haro nyingi za kawaida ni kati ya inchi 7 na 9. Cha sita ni beringi. Haro za zamani sana zilitumia vipande vya mbao ngumu vilivyolowekwa kwenye mafuta, au bushi za chuma cha kusubu. Za baadaye hutumia beringi zenye namba iliyogongwa kwenye pete.

Namba ya beringi ina siri rahisi. Kwa beringi za kawaida za milimita zenye tundu la mviringo, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa kipenyo cha tundu. Beringi ya 30208, 6208 au UC208 ina tundu la milimita 40, na yenye kuishia na 10 ina tundu la milimita 50. Beringi zenye tundu la mraba hazifuati kanuni hiyo, hivyo lazima zipimwe.

Kuikagua kabla ya bei

Baada ya vipimo, haro ikaguliwe ugonjwa wake. Dalili ya kwanza ni safu iliyolegea. Spesa zikigongwa kwa nyundo ndogo, safu iliyokazwa hulia kama kengele, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Unga mwekundu wa kutu unaotoka kati ya spesa na diski nao unaonyesha kwamba vyuma vimekuwa vikisagana.

Pili ni shafti iliyopinda. Safu inyanyuliwe na kuzungushwa kwa mkono uliovaa glavu, huku kijiti kikiwa kimesimikwa karibu na ukingo wa diski. Diski moja ikiyumba, huenda yenyewe ndiyo imepinda. Diski kadhaa zilizofuatana zikiyumba kwa pamoja, shafti ndiyo iliyopinda.

Tatu ni fremu. Nyufa hutokea sana mahali fremu inapofungwa kwenye trekta na pale nyumba za beringi zinaponing'inia. Rangi mpya huzificha. Njia ya zamani ya mafundi ni kupaka mafuta ya taa mahali panapotiliwa shaka, kufuta kabisa, kisha kupaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake huchora mstari kwenye chaki.

Jambo la mwisho halihusu chuma. Zana nyingi za zamani zilikuwa mali ya vyama vya ushirika, vijiji au mashirika. Mnunuzi ajiridhishe kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, aandikiane hati ya mauziano mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na apewe stakabadhi. Bila hivyo anaweza kukarabati haro ya watu wengine.

Hesabu ya bei

Kosa kubwa la kibiashara ni kukubaliana bei ya haro kwanza na kuhesabu matengenezo baadaye. Hesabu sahihi huanzia mwisho kurudi mwanzo.

Tuchukue haro ya diski 20, yenye safu mbili na beringi sita. Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila mnunuzi aweke bei za eneo lake. Tuseme haro mpya ya ukubwa huo inauzwa Sh 12,000,000. Diski 20 kwa Sh 120,000 kila moja ni Sh 2,400,000. Beringi sita na sili zake kwa Sh 150,000 ni Sh 900,000. Shafti mbili kwa Sh 300,000 ni Sh 600,000. Nati, washa na spesa zilizopasuka ni Sh 300,000, ufundi na kuchomelea Sh 500,000, na usafiri Sh 400,000. Jumla ya matengenezo ni Sh 5,100,000.

Muuzaji akitaka Sh 5,000,000, haro hiyo itakuwa imegharimu Sh 10,100,000 itakapoingia shambani. Nafuu ya Sh 1,900,000 pekee, kwa chombo chenye fremu ya zamani kisicho na dhamana, si biashara nzuri. Kama mnunuzi anaona haro iliyokarabatiwa ina thamani ya asilimia 60 ya mpya, yaani Sh 7,200,000, basi bei ya juu anayopaswa kulipa ni Sh 2,100,000. Inayozidi hapo ni hasara aliyoinunua mwenyewe.

Muuzaji naye ana bei yake ya chini, ambayo ni ya chuma chakavu. Haro ya kilo 700, kama skrepa katika eneo hilo inanunuliwa kwa Sh 1,000 kwa kilo, ina thamani ya Sh 700,000 hata isipofanya kazi tena. Mapatano ya haki yako kati ya Sh 700,000 na Sh 2,100,000. Mnunuzi anayejua mipaka hiyo miwili hazungumzi kwa kubahatisha.

Ikiwa shafti ni nzima na diski hazijalika, hesabu hubadilika kabisa. Katika mfano huo Sh 3,000,000 zinaondoka kwenye matengenezo, na mnunuzi anaweza kulipa hadi Sh 5,100,000 bila kuumia. Ndiyo maana shafti na diski hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kuifungua bila kuiharibu

Ukarabati ufanyike kiangazi, wakati mafundi wana nafasi na kuchelewa kwa kipuri hakugharimu msimu. Fremu iegemezwe kwenye magogo imara. Mtu yeyote asiingie chini ya haro iliyoshikiliwa na haidroliki ya trekta pekee, kwani mpira ukipasuka hushuka papo hapo.

Kabla ya kufungua chochote, safu ipigwe picha kwa simu kutoka pande zote. Sehemu zinapotoka, zitungwe kwenye waya kwa mpangilio ule ule. Spesa za safu moja zinaweza kuwa na urefu tofauti, na washa za mwisho hazifanani pande mbili: moja imechongwa kukaa kwenye mgongo wa diski na nyingine kwenye tumbo lake.

Nati ya mwisho wa shafti ndiyo hukaidi zaidi. Imwagiwe dizeli au mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha, mara mbili au tatu. Ikikataa, ipashwe moto, lakini kwanza mafuta ya kwenye nyumba za beringi yamwagwe ili yasishike moto. Ikikataa tena, ikatwe ubavuni kwa grenda bila kugusa shafti. Nati ni rahisi kuliko shafti.

Diski zisigongwe moja kwa moja kwa nyundo ya chuma. Zimefanywa ngumu kiwandani, na kipande kinaweza kuruka hadi jichoni. Kwa sababu hiyo hiyo, diski iliyopasuka haichomelewi. Joto la kuchomelea huondoa ugumu wake, na hupasuka tena pembeni mwa kiungo.

Shafti iliyolika pembe huwavuta mafundi kuijaza kwa kuchomelea. Mara nyingi hupinda, au hukatika pale joto lilipoishia. Ni bora kukereza mpya kutoka kwenye nondo ya mraba ya kipimo sahihi na ya chuma kigumu. Chuma laini cha kutengenezea mageti hakifai, hupinda siku ya kwanza kwenye kisiki. Fundi akate thredi zinazolingana na nati itakayotumika. Nati ya milimita ikilazimishwa kwenye thredi za inchi hushika kwa mizunguko michache tu, kisha huachia.

Kuifunga na kuirudisha shambani

Diski za safu moja zote zitazame upande mmoja, na safu ya nyuma itazame upande wa pili. Kama fedha hazitoshi kununua diski zote, zinunuliwe za safu nzima moja. Diski zilizobaki nzima zikusanywe kwenye safu nyingine. Kuchanganya diski kubwa na ndogo kwenye safu moja hufanya kubwa zibebe uzito wote.

Nati ikazwe kwa spana yenye bomba refu hadi safu nzima iwe kama chuma kimoja, kisha ifungwe kwa kizuizi chake. Baada ya saa chache za kwanza za kazi ikazwe tena, na kwa wiki ya kwanza ikaguliwe kila asubuhi. Rangi hutoka, uchafu husagika, na safu iliyokuwa imebana hulegea. Haro nyingi zilizokarabatiwa vizuri huharibika kwa kukosa kukazwa huku kwa pili.

Beringi za grisi zipigwe grisi hadi ile ya zamani itoke. Zenye mafuta zijazwe hadi alama. Vikwangulio visogezwe karibu na diski bila kuzigusa, ili udongo mbichi usijae katikati ya safu.

Shambani, fremu iwe sawa mbele na nyuma. Pembe ya safu ianze ndogo. Pembe kubwa huongeza kina, lakini huongeza pia mzigo na dizeli. Mwendo wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa unatosha. Haro ikiacha tuta upande mmoja na mfereji upande mwingine, safu ya nyuma isogezwe pembeni kidogo kidogo hadi ardhi itoke tambarare. Udongo ukiwa umelowa kazi isimame, kwani uzito wa haro huushindilia chini, na mizizi ya mazao hukutana na tabaka gumu.

Haro yenye upana wa mita 2, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ingemaliza hekta 1.2 kwa saa bila kusimama. Ukiondoa kugeuza na vikwazo, robo ya muda hupotea na hubaki hekta 0.9, ambazo ni zaidi kidogo ya eka 2. Kwa saa nane za kazi ni karibu eka 18. Kama malipo ni Sh 40,000 kwa eka, siku moja ina Sh 720,000 kabla ya dizeli na dereva. Hiyo ndiyo gharama ya siku moja ya kusubiri diski yenye tundu sahihi kutoka mjini.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya ukarabati ni ya kalamu. Vipimo vyote sita, namba za beringi na tarehe ya kufungwa viandikwe kwenye daftari, na vichache vigongwe kwenye bamba jipya la bati na kufungwa kwenye fremu. Beringi moja na diski mbili za akiba zikae stoo kabla ya mvua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haro isiyo na bamba ni mali ya namna hiyo. Atakayeinunua baada ya miaka 10 naye atalipa zaidi, kwa sababu ataweza kuisoma kabla ya kuivuta.